Mhubiri Aliyemsubiri Mkalimani

Jumapili iliyopita nilisali Magu, katika kanisa dogo la udongo. Aliyehubiri alikuwa kijana wa palepale, mwanafunzi wa uinjilisti aliyetumwa kufanya mazoezi. Kwenye benchi la mbele alikaa mama aliyemzika mwanawe siku chache tu nyuma.

Kijana alimtazama, akasema kwa Kisukuma safi, "Mama, Mungu ameyaona machozi yako."

Mama akainua kichwa. Kijana akanyamaza, akageuza uso kushoto, mikono ameikunja tumboni, akangoja. Tukangoja naye. Ikaja sentensi ya pili, na kimya kilekile. Kabla ya ya tatu, mama alijitanda khanga yake akatoka nje.

Baada ya ibada nikamfuata yule kijana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ulikuwa unasubiri nini pale?"

"Nilikuwa nampa nafasi mkalimani."

"Mkalimani yupi, nawe unasema Kisukuma?"

"Mwalimu wetu Mzungu huhubiri hivyo, mzee. Anasema sentensi moja, ananyamaza mpaka itafsiriwe. Nasi ndivyo tunavyojifunza. Ukiunganisha maneno, anasema hujajiandaa."

Alinieleza kwa upole kabisa, wala hakuona ajabu yoyote.

Wanasema sasa tunajitawala, na bendera nimeiona mwenyewe pale bomani. Lakini mama yule amerudi kwenye nyumba tupu bila faraja, kwa sababu mtoto wa jirani yake, anayeijua lugha yake tangu kunyonya, alisimama mbele yake akisubiri mtu wa kumtafsiria.