Salongo Kwenye Barabara Isiyo na Mwenyewe

Kazi yangu hapa Buffalo ni kutunza wazee majumbani mwao. Nilipangiwa bibi mmoja mwenyeji wa asili, aliyeishi kwenye ardhi ya watu wake, mbali kidogo na kwangu Kensington-Bailey. Figo zilikuwa zimekufa, ulimi mzima kabisa. Nilimwita Nyanya, maana kwetu mtu wa umri ule humtaji jina, naye akazoea.

Shida ilikuwa barabara. Theluji ilipoyeyuka, kalavati la kupitishia maji chini ya barabara lilibomoka, na dereva wa gari la kliniki akakataa kuingia na kumchukua kwenda kusafishwa damu. Nikawa namsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi barabara kuu, matope mpaka vifundoni. Kliniki ikasema wazi kwamba hali ikibaki hivyo, atahamia nyumba ya wazee. Nyanya alitaka kufia kitandani mwake, na alilisema hilo huku anakula, bila kupunguza sauti.

Nikaanza kupiga simu. Mji ukasema barabara ni ya kaunti. Kaunti ikasema hapana, ile ni ardhi ya wenyeji, uliza baraza lao. Baraza likasema kalavati ni la jimbo, na wamelalamika miaka nenda rudi. Jimbo likanielekeza serikali kuu, na serikali kuu ikanipigia muziki. Nimeishi kambi ya wakimbizi, foleni nazijua. Lakini kambini anayekunyima angalau unamwona uso.

Nyanya alikuwa ananisikiliza nikigombana na simu.

"Sisi tulitoa ardhi, wao wakaahidi barabara," akasema. "Ni kazi yao. Acha waifanye."

Nikaona ni ukaidi wa uzee. Mimi nimekulia Uvira. Huko Jumamosi asubuhi kuna salongo: kila nyumba inatoa mtu na beleshi, mnazibua mitaro, mnafukia mashimo, mnarudi kula. Serikali nani aingoje? Jumapili nikasimama kanisani nikaeleza. Mzee wa kanisa hata hakuniacha nimalize.

"Bon, mama, donc tunangoya nini? Siku ya posho tunafanya salongo, ile njia itapona."

Jumamosi, ndiyo siku ya posho kwetu, wakaja na mabeleshi, kokoto na nyimbo. Nyanya alikuwa dirishani. Nilipoingia kuwachukulia chai, akaniuliza, "Nani kawaita?"

"Mimi, Nyanya."

"Baraza letu umeliuliza?"

Sikuwa nimeliuliza. Nilidhani kufukia shimo hakuhitaji ruhusa ya mtu. Akafumba macho, nami nikabeba chai yangu nikatoka, nimekasirika kwamba hana hata asante.

Jumatatu gari la kliniki lilifika hadi mlangoni. Nilitembea kifua mbele siku hiyo. Siku chache baadaye akaja mkaguzi wa jimbo, amevaa kizibao cha rangi ya chungwa, akapiga picha barabara yetu bila hata kuchafua viatu. Barabara inapitika, akasema, lalamiko limefungwa. Ni nani aliyeifukia, hakuuliza. Mama mmoja wa baraza ndiye aliyenieleza, kwa upole ulioniumiza kuliko matusi, kwamba ukaguzi ule walikuwa wameupigania miaka mingi, na hatimaye tarehe ilikuwa imepangwa.

Mvua kubwa ya kwanza ilibeba kokoto zetu zote. Nikapiga simu jimboni. Wakanijibu kwamba kwao barabara imeshatengenezwa. Miaka yote ile haikuwa yao, ila siku ya kusema imepona wakaimiliki. Nililia kwa hasira, simu ingali sikioni.

Gari la kliniki likaacha tena kuingia. Wanaume wa kanisa walikuwa na zamu zao za ghala wiki nzima, na mimi mgongo ulikuwa umegoma. Nafasi ikapatikana kwenye nyumba ya wazee, Amherst.

Asubuhi ya kuhama, mzee wa kanisa alinipigia. "Mama, tuje na mabeleshi?"

Nyanya aliona uso wangu, akauliza anasemaje. Nikamwambia.

"Wayaache nyumbani," akasema. "Mkaguzi akirudi, shimo alikute kama lilivyo. Waje wanibebe."

Wakaja, wakamnyanyua na kiti chake, wakapita naye matopeni taratibu. Hakuna aliyegusa hata jiwe moja.