Vichwa Ndani ya Maranda

Nimechonga sanamu za kanisani miaka arobaini, na darasa la pili sikulimaliza. Nyumba hii ya Kagondo nimeijenga kwa kazi hiyo. Kwa hiyo binti yangu alipokuja siku chache kabla ya Krismasi, akataka kufagia karakana atandike nyasi mbichi za kukalia wageni wa sikukuu, kama tunavyotandika sebuleni, nilimkatalia.

“Taata, wageni wakae kwenye vumbi?”

“Wakae nje!”

Nilipokwenda kukata ndizi, akafagia. Niliporudi nilimkuta amechuchumaa kwenye rundo la maranda, amepanga vichwa vitano vya Bikira Maria, vyote pua zimekatika. Nilikuwa nikivificha humo tangu mikono ilipoanza kutetemeka.

“Mbao mbovu hizo,” nikasema.

Alikinusa kimoja, akatazama vidole vyangu. “Mbao nzuri, Taata. Na Maria wa pango la Noeli, parokia wanamngoja. Utamweza?”

“Atakuwa tayari kabla ya mkesha.”

Alijua nadanganya. Asubuhi alikwenda kwa padri, akamwambia atafute fundi mwingine. Alisema kweli, lakini mpaka leo sijamsamehe. Aibu ile ilikuwa yangu, ningeipeleka mwenyewe kwa miguu yangu.