Mwavuli Niliopiga Pasi

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Mke wangu huwaambia wageni kwamba hata nikienda Nyakato naaga kama mtu anayesafiri kwenda Ulaya, na sina la kujitetea. Cherehani yangu iko sebuleni hapa Butimba, wateja wanakuja wenyewe, sasa niende wapi?

Basi shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alipoingia na bomba refu jekundu kwapani, nilidhani anakuja kutengeneza choo.

"Ni roketi," akasema. Yeye ni mwalimu wa fizikia. Alikuwa ameijenga mwaka mzima, kilo tatu na kamera ndani, na kibali cha kuirusha alipewa cha siku moja tu, kwenye uwanda wa Usagara. "Kupanda itapanda. Shida ni kushuka. Bila parachuti nzuri nitarudi na vipande kwenye kiroba."

"Nyie Wahaya bwana! Kupanda mnajua, kushuka mnamtafuta Msukuma."

"Tena Msukuma mwenye diploma ya kukaa kwenye kochi."

Akanichorea: vipande vinane vya nailoni, kamba nane, na juu kabisa, katikati, tundu la kupitisha ngumi. Fizikia niliachana nayo kidato cha nne, au tuseme yenyewe ndiyo iliyoniacha. Lakini lile tundu lilininyima amani. Miaka yote watu wananiletea nguo nizibe matundu, leo mtu ananiagiza nitoboe?

Nikachukua miavuli mibovu ya mvua, nikashona parachuti mbili ndogo, moja ina tundu, nyingine haina. Nikapanda jiwe kubwa nyuma ya nyumba, nikazidondosha moja moja zimefungwa kiazi. Isiyo na tundu iliyumba kama mlevi, hewa inamwagika huku, mara kule. Yenye tundu ilishuka imetulia kama mama aliyetoka kupokea komunyo. Kumbe hewa nayo inataka mlango! Nikarudia mara kumi na moja, mpaka mke wangu akaja kuulizia viazi vyake.

Mwavuli wenyewe wa roketi niliushona kwa siku nne, mshono juu ya mshono. Nilipomaliza nikaufanyia heshima zote za fundi: nikaufua, nikautia wanga wa muhogo, nikaupiga pasi ya vuguvugu. Mikunjo ilisimama kama suruali ya bwana harusi.

Shemeji akaja, tukapanda jiweni na mfuko wa mchanga wa kilo tatu. Tukaufunga kwenye mwavuli, tukatupa. Puu! Mfuko ukatua katikati ya dagaa wa jirani walioanikwa. Mwavuli ulikuwa juu yake, umekunjwa vilevile, nadhifu kabisa.

"Fundi!" jirani akaita. "Hiyo ndiyo inakwenda mwezini?"

Shemeji hakucheka. Kurusha kulikuwa keshokutwa. "Umeutia nini?"

"Wanga."

"Wa nini sasa?"

"Usionekane wa mitumba."

Akavua miwani, akajifuta uso polepole. Sikuwahi kumwona amekosa utani. Nikaufua mara tatu mpaka nailoni ikalegea, nikaupaka poda ya mtoto usigandane, akanifundisha kuukunja kilegelege, kamba zisipandane. Tulipojaribu tena, mfuko ulishuka taratibu.

Usagara nilikwenda, ndiyo, kwa miguu yangu miwili na gari la shemeji. Roketi ilipaa kwa mlio kama mtu anachana turubai. Ikawa nukta. Halafu kitu cheupe kikachomoza, chembamba kama mshumaa, na hakifunguki. Shemeji akanikamata mkono.

"Fundi..."

Ukafunguka.

Nikakimbia. Mimi! Nikaruka mashimo na kinyesi cha ng'ombe, nikafika wa kwanza. Mchunga ng'ombe mmoja alikuwa ameshasimama pale na fimbo yake.

"Mzee, kimetoka wapi hiki?"

"Butimba," nikasema, nikihema.

Shemeji akafika, akapiga magoti, akalipapasa bomba kutoka mwanzo hadi mwisho kama mkunga. Halikuwa na hata ufa mmoja. Akaanza kucheka, machozi yanamtoka. Mimi nilikuwa nimeshika zile kamba. Zote nane zilikuwa zimejisokota kama nywele zilizosukwa.

"Shemeji, mbona mwavuli ulikuwa unazunguka?"

"Achana na hilo, umefunguka!"

"Sawa, lakini kwa nini ulizungukia kushoto tu?"

Akaziangalia zile kamba. Akaketi kwenye nyasi, akatoa kalamu.