Moshi Chini ya Turubai za Harusi

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila nikisikia gari linanguruma mlangoni, mwanangu, nayo ni siku tuliyompeleka dada yangu Mwanaidi kwa mumewe. Nilikuwa kigori, nimesukwa, nimevalishwa kanga mpya, na kwa furaha niliyokuwa nayo hata chakula kilinishinda. Zilikuwa enzi za Mwingereza, vita kuu ya pili imeshakwisha lakini spea za magari bado adimu. Wazee wenzangu wanapenda kuwasifia nyie enzi zile. Mie sizisifu.

Sisi tulikaa Temeke, bwana harusi alikuwa mtu wa Kinondoni. Gari lilikuwa la mjomba Salehe, kaka yake mama. Lilikuwa gari kuukuu la bodi ya mbao, dereva mbele, abiria nyuma. Siku za kazi alibeba watu na mihogo, turubai za ubavuni zimekunjwa juu, upepo unapita huku na huku. Ekzosi ilikuwa imetoboka chini ya sakafu, na mbao za sakafu zimeachana. Mjomba alijua. Abiria wakilalamika moshi, alitandika gunia juu ya nyufa, akawatania kwamba moshi unafukuza mbu, na safari ikaendelea.

Siku ya harusi turubai ziliteremshwa, zikafungwa kwa kamba pande zote, maana bibi harusi haonwi njiani. Nyuma likatandikwa jamvi. Mwanaidi akakalishwa chini, kafunikwa shuka kutoka kichwani mpaka miguuni, na pembeni yake somo yake, Bi Mwanahawa, bibi aliyemfunda, kashika chetezo. Udi ulifukizwa mpaka macho yakawasha. Hata kama moshi wa gari ulipanda, nani angeutambua ndani ya udi ule? Mie nilikaa mbele na mjomba. Akina mama wengine, pamoja na mashangazi wa bwana harusi waliokuja kumchukua mkwe wao, walitufuata kwenye lori la kukodi, na wanaume wachache wa kuwasindikiza.

Ilikuwa masika. Tulipofika bonde la Msimbazi, magurudumu ya nyuma yalizama topeni, na bomba la moshi likazikwa kabisa. Wanaume wakashuka kwenye lori kuja kusukuma. Ikasemwa gari lipunguzwe uzito, basi nikashuka, somo naye akashuka. Mwanaidi akabaki. Bibi harusi hakanyagi ardhi njiani. Miguu iliyopakwa hina inatua kwenye mlango wa mumewe tu. Ndivyo tulivyofundishwa, na hakuna aliyeuliza. Mjomba akakanyaga mafuta, injini ikalia, tope likaruka, gari likagoma. Akakanyaga tena, na tena. Injini haikuzimwa hata mara moja.

Nilikuwa nimesimama ubavuni, karibu na turubai, nikamsikia dada.

"Kichwa kinaniuma. Nifungulieni kidogo."

Nikamkimbilia somo. "Somo, dada anaumwa kichwa. Anataka afunguliwe."

Bi Mwanahawa alinikata jicho. Akasogeza mdomo kwenye turubai, akasema kwa upole, "Vumilia, mwanangu. Mwari hasemi njiani. Hata mie siku yangu kichwa kiliniuma." Kisha akanigeukia. "Na wewe koma. Usimtie dada yako aibu mbele ya wakwe."

Ningebishana naye vipi? Mtoto wa kike wa umri wangu alikuwa na sauti gani mbele ya somo? Dada aliita tena, kwa sauti ndogo zaidi, kisha hakuita. Wale mashangazi wakaanza kumsifu. "Huyu kafundwa kweli!" akasema mmoja wao. Wakampigia vigelegele kwa adabu yake. Naapa, mwanangu, vigelegele vile bado vinanichoma.

Gari lilipochomoka, somo alipanda mbele pamoja nami, akisema nyuma joto na udi vimezidi. Hakuna aliyefungua turubai. Tulipofika Kinondoni, dada alishushwa kwa kubebwa, kama ilivyo desturi, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kwamba hatembei. Wakamlaza kitandani, wakamfunua. Midomo yake ilikuwa imeiva wekundu, uso mzuri kupita siku zote, na shangazi mmoja akasema, "Mashaallah, kalala." Waliendelea kuimba. Ni mie niliyeushika mkono wake, nikaanza kupiga mayowe.

Mama alikuwa Temeke, kwa kuwa mama wa bibi harusi haendi na mwanawe. Alikuwa anaosha masufuria ya pilau tulipomrudishia dada. Sitasema alivyolia. Nitasema tu kwamba toka siku ile hakuhudhuria harusi tena, hata yangu.

Watu walisema ni jini wa Msimbazi. Wakachinja mbuzi, wakatuliza roho zao, wakaenda zao. Mjomba peke yake hakusema jini. Aliliacha gari likaoza uani, kuku wakatagia humo, na kila aliyemsalimia alimjibu neno moja lile lile: "Nilijua." Alikufa analisema. Bi Mwanahawa aliendelea kuwafunda wari wengine wavumilie. Nilimwamkia shikamoo kila siku mpaka alipofariki, lakini kumsamehe sijamsamehe, na sasa nimezeeka, sidhani kama nitaweza.

Haya, nawe umenunua gari la zamani, unaniambia moshi unaingia ndani kidogo tu, ndiyo maana umeweka manukato. Yatupe. Moshi una harufu, lakini sumu yenyewe iliyomo haina, na pua yako haitakuokoa. Lipeleke kwa fundi, alipandishe juu, aikague ekzosi kutoka kwenye injini mpaka mkiani. Palipotoboka pachomelewe, gasketi iliyokufa ibadilishwe, bomba lichomoze mpaka nje ya bodi. Tundu za sakafuni ziba kwa bati, usizifunike kwa zulia. Mpira wa mlango wa nyuma ukichakaa weka mwingine, na usiendeshe gari mlango huo ukiwa wazi, maana unavuta moshi ndani. Ukikwama topeni, zima injini kwanza, shusha watu wote, awe bibi harusi, awe mzazi, awe mgonjwa. Ardhi haijamuua mtu kwa kukanyagwa. Na mtu akisema kichwa kinamuuma, hata akiwa mtoto, simama hapo hapo, fungua milango, mtoe nje, mambo ya adabu mtayazungumza baadaye.

Haya hayamrudishi Mwanaidi. Nimeyasema maisha yangu yote na hayajamrudisha.

Nakuombea, mwanangu, Mungu akupe barabara kavu na gari zima. Akupe mke mbishi na watoto wenye midomo, wasiojua kuvumilia safarini, wakupigie kelele mpaka uchoke. Na kila ufikapo, ushuke na wote uliopanda nao, na wote wawe bado wanasema.