Nilisema Napunguza Kumbukumbu ya Video, Wakaelewa Nimefuta Msiba wa Baba

Naomba msinitaje jina wala mtaa, maana hapa Karatu tunajuana. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, niko kidato cha tano, nimefunga shule niko nyumbani na mama. Baba alifariki nikiwa darasa la saba. Mimi si msemaji kabisa. Mgeni akipiga hodi, mimi nimeshaingia jikoni.

Video ya mazishi ya baba ilibaki kwenye kompyuta yake ya zamani tu, na inafunguka kwa programu ya huko huko. CD ilishakwaruzika. Ile kompyuta ilipoanza kufa nilihamishia kila kitu kwenye kompyuta mpya ya kaka, kwa kitu kinaitwa virtual machine, yaani kompyuta ya zamani inaishi ndani ya mpya, kwenye dirisha lake. Kaka ni dereva wa watalii, siku ya mkasa huu alikuwa Ngorongoro na wageni.

Wiki iliyopita ndugu wa baba walikuja kwa ibada ya kumkumbuka. Shangazi alitoka Mang'ola na lori la vitunguu. Tulipomaliza kula akaniambia, "Haya mzungu wetu, tuonyeshe kaka yangu."

Nikawasha. Kwaya ikasikika vizuri, lakini picha nyeusi tii. Baba mkubwa akasema, "Kwani tulimzika usiku?" Watu wakacheka. Shangazi hakucheka.

Tatizo nililijua. Ile kompyuta ya ndani nilikuwa nimeigawia video memory ndogo, haitoshi kuonyesha picha. Nikaizima, nikaongeza mpaka mwisho, nikawasha tena. Sasa picha ikaja vipande vipande, ikaganda pale mama ameshikiliwa na watu kaburini. Mama akanyanyuka, akaenda jikoni.

"Nini tena?" shangazi akauliza.

Shuleni haya mambo tunayasoma kwa Kiingereza, na kumjibu shangazi Kiingereza mbele za watu ni kujidai. Nikatafsiri ile video memory kichwani haraka haraka, nikasema, "Kumbukumbu ya video ni nyingi mno, shangazi. Ngoja nizime niipunguze."

"Unapunguza kumbukumbu ya kaka yangu?"

"Hapana shangazi, ni ya video…"

"Si ndiyo hiyo hiyo!"

Nilikuwa nimeshabonyeza kuzima. Dirisha likapotea lote. Shangazi akapiga yowe, "Ameifuta! Wifi, njoo uone kazi uliyomtuma mwanao! Njia imeshakuwa nyeupe, mwite sasa mwalimu wako!"

Kuna mwalimu mmoja mjane huwa anakuja kumsalimia mama. Hakuna zaidi ya hapo ninachokijua. Nilitaka kueleza, nikashindwa. Nilibaki nimeshika mausi tu mpaka wote wakaondoka. Sasa ukoo umeitisha kikao Jumapili. Shangazi anasema mke aliyefuta msiba wa mumewe hawezi kuendelea kukaa kwenye nyumba aliyoijenga huyo mume.

Walipoondoka niliweka kiwango cha katikati, na video ikacheza yote, safi kabisa. Nikamkimbilia mama jikoni. "Mama, ipo! Jumapili tuwaonyeshe!"

Aliendelea kusugua sufuria. "Ipo yote?"

"Yote."

"Hata pale ninapogaragara?"

Nikasema ndiyo. Akaacha kusugua, akasema taratibu, "Na mimi nilidhani umenisaidia, mwanangu."

Tangu hapo hajaigusia tena. Nikiionyesha, mama atabaki na nyumba yake, lakini atakaa mbele ya wanaume wa ukoo ajitazame akigaragara, na najua kila mwaka watakuja kuidai tena. Nikinyamaza kama nilivyozoea, watamfukuza kwa kosa ambalo halipo. Nikimuuliza anataka nini, anajibu, "Wewe ndiye uliyesoma."

Jamani, nyie mngekuwa mimi, Jumapili mngeiwasha, au mngeacha iitwe imefutwa?