Mtulinga wa Ng'ombe

Kosa litakaloonekana hapa ni kiburi cha mtu aliyesoma, na mwenye kosa ni mimi. Nalitaja mapema ili msomaji asipoteze muda kumtafuta mkosaji kwingine. Wengine wote waliokuwapo siku ile walikuwa na akili zao timamu.

Nimefundisha baiolojia katika shule ya sekondari huku Ileje kwa miaka mingi, na miaka yote hiyo sijamvumilia mtu anayesema jambo bila kutaja chanzo chake. "Umelisoma wapi?" ndilo swali langu darasani, kanisani na hata mezani kwangu. Katika ukuta wa darasa langu pana picha ya mifupa ya binadamu. Kwa picha hiyo nimewafundisha watoto wa wafugaji kwamba mkono umeshikizwa kifuani kwa mtulinga, ule mfupa mwembamba unaopita chini ya shingo hadi begani. Ng'ombe naye, niliwaambia, ni vivyo hivyo. Tofauti ni ukubwa tu. Hilo la mwisho sikulisoma popote.

Ikafika siku ya kuolewa binti yangu wa kwanza. Katika ukoo wetu binti haondoki nyumbani mpaka mjomba wake, kaka wa mama yake, apokee mkono wa kulia wa ng'ombe wa harusi. Mkono huo sharti uwe mzima, kuanzia bega hadi kwato, na mfupa wake usiguswe na chuma. Mfupa ukikatwa, mjomba ana haki ya kuukataa, na binti hubaki hadi apatikane ng'ombe mwingine. Ng'ombe mwingine sikuwa naye. Bwana harusi na ndugu zake walikuwa wamefika asubuhi na magari matatu kutoka Tunduma, nao walitaka kuvuka milima kabla mvua haijaigeuza barabara kuwa tope.

Kwa kazi ya kuutoa mkono, mke wangu alikuwa amemwita mwanamke mmoja anayepika makongoro, supu ya miguu ya ng'ombe, pale Isongole. Nilimkataa. Supu yake ilikuwa imewachelewesha wanafunzi wangu kipindi cha kwanza mara nyingi kuliko mvua, na isitoshe, aliishia darasa la nne. Nikamwelekeza kwenye masufuria. Mimi nikavaa koti jeupe la maabara, nikachukua msumeno.

Ng'ombe alikuwa amechinjwa na dereva wa bwana harusi, Mwislamu, ili kila mgeni apate kula. Alikwisha kuchunwa, amelala chali juu ya majani ya migomba. Kwa kuwa watu walikuwa wamekusanyika, niliona ni dhambi kuwaacha bila somo.

"Hili mnaloliita goti la mbele," nilisema, "si goti. Ni kifundo cha mkono. Na kwato hizi mbili ni kucha za vidole viwili."

Shemeji yangu, mjomba mwenye haki yake, alikuwa ameketi mbele kabisa. "Kwa hiyo, shemeji, mnyama huyu anatembea kwa ncha za vidole tangu azaliwe?"

"Ndivyo."

"Maskini! Na sisi tulikuwa tunamchapa, tunamwita mvivu."

Watu wakacheka. Nilipoingiza mkono kati ya shingo na kifua kuutafuta mtulinga, walikuwa bado wanacheka. Nilitafuta kwa muda mrefu. Dereva akatazama mawingu. Shangazi wa bwana harusi akaniuliza, kwa upole mkubwa, kama saa yangu ilikuwa imedondokea humo ndani.

Hatimaye nikagusa kitu kigumu. "Huu hapa!" Nikaanza kukata kwa msumeno.

Sauti ikatoka kwenye masufuria: "Mwalimu, huo ni ubavu."

"Umelisoma wapi?"

"Sijasoma. Nimeupika."

Ulikuwa ubavu wa kwanza. Badala ya kukiri, nikatangaza kwamba huenda ng'ombe yule alizaliwa na kilema.

"Shemeji," akasema shemeji yangu, "unataka kunipa mkono wa kilema?"

Hapo nikatupa msumeno na kushika shoka. Nikaeleza kwamba mtulinga usipoonekana, mkono utakatwa kwenye kiungo chini ya bega. Shemeji akasimama, na safari hii hakuwa na mzaha.

"Shoka likigusa mfupa huo, magari yale yatarudi Tunduma na kiti cha bibi harusi kitupu."

Binti yangu alikuwa mlangoni, amekwisha kuvaa gauni lake. "Baba," akasema, "tafadhali mwachie mama yule."

Nimesimamia mitihani mingi maishani, lakini sikuwahi kujua jinsi muda unavyomkimbia mtahiniwa asiye na jibu. Nikashusha shoka.

Mwanamke akaja akifuta mikono kwenye kanga, na kisu kifupi kilicholiwa na jiwe la kunolea. "Mwalimu, shika kwato, vuta kwako. Vuta kama unamvua mtu koti."

Alianzia kwapani, akaikata nyama ya kifua inayouvuta mkono ndani. Kisha akapitisha kisu kati ya bega na mbavu, na nyama zikaachana kama kurasa. Ndani kabisa palikuwa na msuli mpana, uliotandazwa kama feni, umezing'ata mbavu kwa meno kama ya msumeno wangu. Akaupasua huo, kisha nyama inayoshuka kutoka shingoni na mgongoni. Kisu hakikugusa mfupa hata mmoja. Nami nilikuwa bado navuta kwa nguvu zote, hivyo mkono ulipoachia nilianguka chali nao ukanilalia kifuani.

"Mtulinga uko wapi?" niliuliza nikiwa chini yake.

"Ng'ombe hana, Mwalimu. Hajawahi kuwa nao. Mwili wake umebebwa na nyama kati ya mikono miwili, kama mgonjwa kwenye machela. Ndiyo maana akiteremka mlima hagongigongi kama lori."

Shemeji akapitisha kiganja juu ya mkono ule, kuanzia bega lililo bapa kama jembe hadi kwatoni. "Mzima," akasema. "Mpwa wangu, nenda salama." Vigelegele vikapigwa. Binti yangu aliniaga kwa mbali, kwa sababu ya gauni lake jeupe na koti langu ambalo halikuwa jeupe tena.

Jumatatu niliwaambia wanafunzi wafute mtulinga wa ng'ombe katika madaftari yao yote. Nikachora ubaoni mkono wa mbele kama nilivyouona. Mmoja wa wale niliowahi kuwaadhibu kwa kuchelewa kwa ajili ya supu akanyoosha mkono.

"Samahani, Mwalimu. Umelisoma wapi?"

Swali lilikuwa halali. Nikachukua chaki, na chini ya mchoro, mahali pa kutaja chanzo, nikaandika: Mama Makongoro.