Sauti Kutoka Kiti cha Nyuma

Mnicheke tu, ni haki yenu. Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya usafi wa mtaa, Kibagabaga ilikuwa kimya, hakuna gari linalotembea, nami naelekea kufyeka majani na majirani. Ndipo nikakiona kando ya njia kigari changu cha mgongo wa chura, nilichokiuza zamani. Ufunguo wake wa akiba bado natembea nao kama hirizi. Mlango ukafunguka kirahisi, kana kwamba ulinisubiri. Nikakaa. Harufu ileile ya petroli. Nikaupapasa usukani, nikanong'ona, "Mpenzi, nimekukumbuka mno."

"Na mimi pia," sauti hafifu ikajibu.

Nikageuka polepole. Kwenye kiti cha nyuma, chini ya blanketi, bibi kizee alitabasamu usingizini.

Kwenye dirisha lilelile bovu lisilofunga, mumewe, yule niliyemuuzia gari, alisimama na panga la umuganda.

"Endelea, mzee," alisema. "Mwambie na mengine."